Ukingo wa Chini

Saa tisa na robo alasiri, kishikio cha mlango wa chumba cha biarusi kiling'oka na kubaki mkononi mwa Ummulkheir. Kilitoka pamoja na skrubu zake, na kila skrubu ilikuwa imebeba unga wa kahawia, laini kama wa ulezi. Mlango wenyewe haukutikisika.

Nadhira, biarusi, alikuwa ameketi kwenye kigoda karibu na chetezo, nywele zake zikifukizwa udi. Aliutazama ule unga kabla ya kumtazama aliyeshika kishikio.

"Umekivuta kwa kando," alisema.

"Nimekivuta kama watu wanavyovuta milango," Ummulkheir alijibu. "Milango ya watu ikivutwa hufunguka. Huu wenu una maringo."

"Sukuma ulimi wa kitasa kwa kidole."

Ummulkheir aliingiza kidole kwenye tundu lililobaki. "Nausukuma. Hauendi."

Nadhira aliinuka, akakusanya leso zake, akapiga magoti mbele ya mlango. Chini palitakiwa kuwe na mwanga mwembamba kutoka koridoo. Hapakuwa na mwanga. Ukingo wa chini ulikuwa umenenepa na kukaa juu ya kigae kama kizibo, rangi nyeupe imepasuka, na kwenye pasuo nyuzi za kahawia zilikuwa zimechomoza. Alizigusa. Zilikuwa mbichi.

"Umefura," alisema. "Umeubana ulimi kwenye fremu. Hata kwa kishikio usingefunguka."

"Adhuhuri ulifunguka."

"Adhuhuri ulifunguka kwa bega la mama. Baada ya hapo wamepiga deki tena."

Nadhira aliijua bodi ile kuliko alivyokijua chumba alichozaliwa. Alikuwa na karakana ya kukatia bodi Kona ya Musa, na mafundi wa Ukunda na Diani walimletea vipimo naye akawakatia MDF kwa msumeno wa meza: kabati za jikoni, makabati ya nguo ya hoteli, rafu za maduka, mbao za kuwekea televisheni, masanduku ya spika. Watu huita mbao, lakini si mbao. Ni mti uliosagwa hadi ukawa nyuzi, nyuzi zikachanganywa na gundi, zikashindiliwa kwa joto zikawa bapa. Haina fundo wala mishipa, kwa hiyo hukatika safi upande wowote na hupokea rangi vizuri. Ni nzito. Nyuso zake mbili ni ngumu na katikati yake ni laini zaidi. Ndiyo maana skrubu ikitiwa kwenye ukingo hushika kwa muda tu. Ukingo ukiachwa bila kuzibwa hunywa maji, ukinywa hufura, na ukishafura haurudi. Hoteli za ufuoni zilimrudishia makabati ya namna hiyo kila baada ya masika, na kila mara aliwaeleza jambo lile lile.

Mlango huu ulitoka kwenye karakana yake. Baba yake, Suleiman, alitaka mlango mweupe kama wa hoteli mahali pa ule wa zamani wa mvule, kwa ajili ya harusi. Nadhira aligandisha bodi mbili pamoja ili upate unene, akaziba kingo zote kwa gundi na rangi. Kisha akatawishwa nyumbani kwa Ummulkheir, nyumba ya tatu kutoka kwao hapo Bongwe, asionekane na wanaume hadi siku yake. Huku nyuma baba yake alitia vigae vipya. Sakafu ikapanda, mlango ukasugua. Fundi wa vigae akautoa kwenye bawaba, akaupiga randa upande wa chini kiasi cha upana wa kidole, akaurudisha. Hakuna aliyekumbuka kuuziba tena. Wageni wakaanza kuingia, na kila asubuhi kina mama wakapiga deki kama inavyopigwa Bongwe: ndoo ya maji humwagwa sakafuni na kusukumwa kwa fagio hadi uani. Kila ndoo ilipita chini ya ukingo ule. Nadhira aliyaona haya juzi, aliporejeshwa kwao. Alimwambia mama yake, na mama yake akasema litashughulikiwa baada ya harusi.

"Basi tupige kelele," Ummulkheir alisema.

Walipiga kelele. Walipiga mlango kwa viganja, kisha kwa kishikio. Nje, kwenye turubai lililofungwa barazani, muziki wa chakacha ulikuwa ukipigwa kwenye spika mbili ndefu kama watu. Nadhira alizikata mwenyewe bodi za masanduku yale. Mwenye muziki alizitaka nzito, zisitetemeke, ili besi itoke yote. Besi ilitoka yote. Vigae vilitetemeka chini ya magoti yake.

"Hawatusikii," alisema. "Kule kwao kuna kelele, huku kwetu zinafika chache. Sisi tutawasikia wakisimama mlangoni. Wao hawatatusikia."

"Simu yako?"

"Mama aliichukua. Yako?"

"Jikoni, inatiwa chaji." Ummulkheir aliketi kitandani na kujipepea kwa upindo wa leso. "Si neno. Watakuja kukuchukua jioni wakupeleke ukumbini. Watakuta mlango, watauvunja. Tutakula haluwa yetu tungoje."

"Baba anakuja kabla ya sala ya alasiri."

Ummulkheir aliacha kujipepea. Alikuwa mwanamke wa miaka sitini na kitu, mpana wa mabega, somo aliyewafunda wasichana wengi wa Bongwe na Ukunda kabla ya harusi zao. Alijua kwamba Suleiman angekuja kabla ya alasiri, na alijua kwa nini Nadhira amelitaja.

Suleiman alikuwa aje na mashahidi wawili, asimame nje ya mlango uliofungwa, amuulize bintiye kama anaridhia kuozwa kwa Farhan. Baada ya hapo wanaume wangekwenda msikitini, waswali, nikaha isomwe. Kwa mwanamwali, sheria inayofuatwa pale ni kwamba akinyamaza ameridhia. Wengi hunyamaza. Ummulkheir mwenyewe alikuwa amefundisha wiki nzima namna ya kunyamaza: macho chini, leso juu ya uso, hata kikohozi kisitoke.

Lakini Nadhira alikuwa na neno la kusema. Mama yake Farhan, Mwanafatuma wa Msambweni, alikwisha kutangaza kwamba mke wa mwanawe hatakaa Kona ya Musa akipumua vumbi na mafundi. Baada ya harusi karakana ingekabidhiwa mdogo wake Farhan. Suleiman hakupinga. Nadhira alipomkabili, alimwambia kwamba mwari hatoi masharti. Farhan mwenyewe, mtu wa duka la dawa, mpole, alizungumza naye kwa simu kabla haijachukuliwa. "Liseme siku ukiulizwa, mbele ya mashahidi," alimwambia. "Likifika msikitini kwa njia hiyo nitalikubali mbele ya watu wote, na hakuna atakayeligeuza. Mimi nikianza kulisema nyumbani, mama atalimaliza kabla sijafika mlangoni."

Kwa hiyo kulikuwa na nafasi moja, nayo ilikuwa nje ya mlango huu. Akisikika, sharti litakwenda. Asiposikika, atahesabiwa ameridhia bila sharti.

"Chetezo," Nadhira alisema.

Makaa yalikuwa bado mekundu na chumba kilikuwa kimeanza kuwa kizito. Hewa haikuwa na pa kutokea. Dirisha moja la chumba lilikuwa nyuma ya kabati la nguo lililoletwa kutoka kwa bwana harusi, la milango sita, la MDF tupu, lililounganishwa humo humo chumbani kwa sababu lisingepita mlangoni. Lilikuwa limejaa nguo na halingeweza kusukumwa na wanawake wawili. Hata wangevunja mgongo wake mwembamba, nyuma ya dirisha palikuwa na jenereta ya wenye muziki ikinguruma uchochoroni.

Ummulkheir alichukua jagi la maji ya kunywa na kumwagia makaa. Alifanya hivyo upesi, kabla Nadhira hajamwambia amwage kidogo kidogo. Mvuke, majivu na moshi wa udi vilipanda pamoja hadi darini, vikashuka. Walikohoa kwa muda mrefu. Nadhira alipojaribu kusema, sauti ilitoka kwa mkwaruzo, kisha haikutoka.

"Sema tena," Ummulkheir alimwambia.

Nadhira alisema tena. Ilikuwa sauti ya mtu anayenong'ona.

"Basi ni majaaliwa," alisema Ummulkheir, akajipangusa macho. "Mwanangu, nisikilize. Mimi sikufurahia lile sharti lako, nawe wajua. Si kwamba ni baya. Ni kwamba halijazoeleka. Sasa sauti imekwenda, mlango umefungwa. Kaa kitako. Mwanamume akimpenda mkewe, atamwacha afanye kazi."

"Farhan si tatizo. Mamake ndiye tatizo," Nadhira alinong'ona. "Wewe ulipoulizwa ulinyamaza?"

"Nilinyamaza. Nilikuwa nimelala."

Nadhira alimtazama.

"Usinitazame hivyo. Nilikuwa na miaka kumi na sita, nimekesha na ngoma ya vugo usiku kucha. Waliuliza mara tatu, nami niko usingizini. Somo wangu akapiga kigelegele. Kigelegele ndicho kilichoniamsha. Nikauliza, kuna nini? Akaniambia, umeolewa." Ummulkheir alicheka kidogo kwa pua. "Alikuwa mume mwema, Mungu amrehemu. Lakini nilikuwa nimelala."

Nadhira alikwisha kuchukua koleo la makaa. Alirudi kwenye mlango na kulala ubavu sakafuni. Aliingiza ncha za koleo kwenye pasuo la rangi, akalipindua. Kipande kikubwa kilimeguka bila sauti. Katikati ya bodi palikuwa pameloa na kuachana matabaka, kama mkate uliochovywa kwenye chai ukasahaulika. Alichokonoa, akavuta kwa vidole. Vidole vilikuwa na michoro myeusi ya piko iliyotiwa adhuhuri na bado haijakauka sawasawa. Nyuzi zilinata juu yake.

"Piko yako!" Ummulkheir alisema. "Mwanaima kakaa saa nzima kuichora."

"Itachorwa tena."

"Na huo mlango?"

"Ni wangu. Nitakata mwingine."

Alifanya kazi kwa mpango. Hakugusa pembeni, karibu na bawaba, kwa kuwa huko maji hayakufika sana. Alichimba karibu na upande wa kitasa, mahali sakafu ilipoinama na maji ya deki yalipokuwa yakikaa. Uso wa ndani ulitoka. Bodi ya kwanza ilitoka. Alifika kwenye mstari wa gundi alioupaka mwenyewe, na hapo koleo liliteleza; gundi ilikuwa imeshika kama ilivyotakiwa. Alipiga kwa ncha hadi ikatoboka, akaendelea na bodi ya pili. Vumbi halikuwapo, bodi ilikuwa mbichi mno kutoa vumbi. Ilitoa harufu tu, kali, ya gundi, ile harufu ya karakana siku ya mvua.

Alikuwa amefikia uso wa nje aliposikia hodi.

"Assalaamu alaykum," baba yake alisema nyuma ya mlango. Alisema kwa nguvu, kwa ajili ya muziki, na kwa ndani sauti yake ilifika wazi.

"Wa alaykumu ssalaam," Ummulkheir aliitikia kutoka kitandani, kwa mazoea.

Nje hakuna aliyeonyesha kuwa amesikia.

"Nadhira binti Suleiman. Niko hapa na Maalim Idris na mzee Boga, nao ni mashahidi. Nakuuliza. Farhan wa Msambweni amekuposa, nami nataka kukuoza kwake. Umeridhia?"

Nadhira alijaribu kupaza sauti. Mkwaruzo. Alipiga mlango kwa koleo, mara nne, tano. Wakati huo huo wimbo uliingia kwenye kiitikio na wanawake wote barazani wakapiga makofi kwa mpigo mmoja. Mapigo yake yaliingia ndani ya yale makofi yakapotea.

"Mara ya pili," alisema Suleiman. "Nadhira, umeridhia?"

Aliuegemeza mdomo kwenye shimo. Uso wa nje, ule ugumu wa mwisho pamoja na rangi yake, ulikuwa bado mzima. Aliusukuma kwa koleo. Ulipinda kidogo, ukarudi.

"Somo," alinong'ona. "Wewe una sauti. Waambie."

Ummulkheir alikuwa na sauti. Kwenye vugo alisikika hadi barabara kuu. Alifungua mdomo akaufunga. Mikono yake ilikuwa magotini.

"Mara ya tatu na ya mwisho. Umeridhia?"

Nadhira alisikia miguu ikihama juu ya kigae kilicholoa.

"Amenyamaza," sauti ya Suleiman ilisema, ikiwa imegeuka, kama ya mtu anayezungumza na wenzake. "Ameridhia. Mumeshuhudia."

"Tumeshuhudia," sauti nyingine ilisema.

Ummulkheir alisimama. Alifika mlangoni kwa hatua chache, akamsogeza Nadhira kwa mkono, si kwa upole, akainua leso yake juu ya vifundo na kupiga kwa kisigino ndani ya shimo. Alipiga mara moja. Uso wa nje ulivunjika kwa mlio mkavu na kuangukia koridoo, na mwanga ukaingia, na muziki wote pamoja nao.

"Mimi nimesikia ulivyojibu," alisema akihema. "Wao hawakusikia, na wamesema wameshuhudia. Sitalala na jambo hilo. Toa mkono."

Nadhira alitoa mkono. Shimo lilipitisha kiganja na kifundo, kisha mkono ukakwama kwenye kiwiko. Alipapasa hewa, akapapasa kigae, kisha vidole vyake viligusa kitambaa kilichokuwa kikiondoka. Alikishika.

Kitambaa kilisimama.

Kilikuwa kanzu ya baba yake, upindo wa nyuma, nyeupe, iliyopigwa pasi asubuhi ile. Kisha sauti ya uzee, ya juu kidogo, ilisema: "Suleiman, umekamatwa."

"Ni nini hiki?" Suleiman alisema.

"Ni mkono," mzee Boga alijibu. "Una piko. Nadhani ni wa kwenu."

"Nadhira. Achia kanzu. Unafanya nini chini hapo?"

Nadhira hakuachia. Aliweka mdomo kando ya mkono wake, kwenye nafasi iliyobaki, na kusema kwa sauti ile ile iliyokwaruza. Suleiman hakusikia. Alilazimika kuchutama.

"Mlango umekwama," alisema Nadhira. "Hatukunyamaza, baba. Tumepiga kelele tangu mlipokuja."

"Basi tutaufungua. Ngoja nimwite mtu."

"Niulize kwanza."

"Nimekwisha kuuliza."

"Umeuliza mlango. Niulize mimi."

Suleiman alitazama nyuma. Hapo, kwa mujibu wa mzee Boga aliyeyasimulia haya baadaye, uso wake ulikuwa wa mtu aliyeshikwa mahali ambapo hana pa kwenda: mbele mlango, nyuma mashahidi, na upindo wa kanzu mkononi mwa bintiye. Maalim Idris, aliyekuwa mtu mrefu, mkimya, mwenye haraka ya kuwahi sala, aliinua kanzu yake kidogo na kuketi juu ya kigae kilicholoa.

"Maalim, usijilowanishe," Suleiman alisema.

"Nimeshalowa. Muulize."

"Mambo haya si ya kuzungumzwa chini ya mlango."

"Nilisema nimeshuhudia kunyamaza," alisema Maalim Idris. "Kumbe hapakuwa na kunyamaza. Siwezi kwenda nalo msikitini. Muulize, nisikie kwa masikio yangu."

Mzee Boga naye alishuka, kwa taratibu, akishika ukuta. "Nimeshuhudia ndoa nyingi," alisema. "Ya kulala chini ni hii tu."

Suleiman aliuliza. Hakuuliza kwa maneno marefu ya kwanza. Alisema tu: "Umeridhia?"

"Nimeridhia kuolewa na Farhan," Nadhira alisema, "kwa sharti kwamba karakana yangu ya Kona ya Musa itabaki yangu, na nitafanya kazi humo, wala haitakabidhiwa mtu mwingine bila ridhaa yangu."

Alikohoa. Ummulkheir, aliyepiga magoti nyuma yake, alimshika mgongo, kisha akainama mwenyewe hadi shavu lake likagusa sakafu. Sasa alitumia sauti yake. Aliyarudia maneno yale yote, neno kwa neno, na yalisikika hadi jikoni.

"Nimewasikia wote wawili," alisema Maalim Idris.

"Maalim," Suleiman alisema. "Jambo hili tulilimaliza nyumbani."

"Mlilimaliza na nani?"

Suleiman aliutazama mkono ulioshika kanzu yake.

"Sharti likitajwa kwa mume naye akalikubali, ni ahadi," Maalim Idris alisema. "Asipolikubali, tutarudi hapa tumwambie, naye ataamua. Hayo ndiyo yaliyopo. Umeniita niwe shahidi, na nikiulizwa nitasema nilichosikia."

"Nami nitasema," alisema mzee Boga. "Ingawa sijui nitasema nilikuwa wapi."

Nadhira aliachia upindo wa kanzu. Vidole vyake vitano vilibaki juu yake kwa rangi nyeusi ya piko, vimetawanyika. Suleiman alivitazama, akavisugua kwa kidole gumba. Havikutoka. Piko haitoki kwenye kitambaa, na hakukuwa na wakati wa kubadilisha. Aliinuka.

"Mwiteni Kitsao," alisema kwa yeyote aliyekuwa karibu. "Yuko nyuma, kwenye masufuria ya biriani. Mwambieni aje na msumeno."

Nyayo ziliondoka. Adhana ya alasiri ilianza, na kama ilivyo desturi mwenye muziki alizima mitambo yake. Jenereta ilikufa nyuma ya kabati. Kwa mara ya kwanza tangu asubuhi nyumba ilikuwa kimya, na sasa kila sauti ya chumbani ilisikika nje. Wanawake walijaa koridoo. Mama yake Nadhira aliinama kwenye shimo, akaona jicho la bintiye, akauliza kama wamekula.

"Tumekula haluwa," Ummulkheir alisema. "Leteni maji. Ya kunywa. Msimwage chini."

Kitsao alikuwa fundi mkuu wa karakana ya Nadhira. Mama alimweleza ageuze uso, na Nadhira alijifunika leso mbili na kukaa mbali na shimo. Kitsao aliupapasa mlango kwanza.

"Bosi," alisema, "huu uliziba kingo zote. Nilikuona."

"Umepigwa randa chini."

"Na nani?"

"Baadaye, Kitsao. Kata kuanzia kwenye shimo, upandishe juu sambamba na kitasa. Usikate karibu na bawaba. Kuna skrubu ndefu."

"Najua. Mimi ndiye niliyezitia."

Alianza. Ulikuwa msumeno wa mkono, na kazi ilikwenda polepole kwa sababu chini bodi ilikuwa imeloa na meno yalijaa nyuzi. Kila mara aliutoa na kuupangusa. Kadiri alivyopanda juu bodi ilikuwa kavu zaidi, na vumbi la kahawia lilianza kuingia chumbani na kutua juu ya shuka la harusi. Ummulkheir alilikung'uta, kisha akaacha.

Msumeno ulikuwa umefika usawa wa goti, kipaza sauti cha msikiti kilipowaka tena. Sala ilikuwa imekwisha. Sauti ya Maalim Idris ilisikika ikisoma khutba ya nikaha kwa Kiarabu. Koridoo wanawake walianza kunong'ona. Mwanafatuma wa Msambweni alikuwa amekwisha kufika. Sauti yake ilikuwa miongoni mwao ikiuliza kwa nini biarusi anakatiwa mlango.

"Kitsao," Nadhira alisema. "Ngoja."

"Bado kidogo tu, bosi. Nikifika kwenye kitasa unatoka."

"Ngoja."

Msumeno ulisimama. Nadhira alirudi sakafuni, akaweka sikio kwenye shimo. Ummulkheir aliketi kando yake na kuwaambia wanawake wa koridoo wafunge midomo, nao wakafunga.

Suleiman alisema maneno ya kuoza. Sauti yake kwenye kipaza sauti ilikuwa kavu. Alitaja jina la binti yake, akataja mahari, akanyamaza. Kimya kilikuwa kirefu kiasi cha mtu kusafisha koo, na kweli kuna mtu alisafisha koo. Kisha akaendelea: kwa sharti kwamba karakana yake ya Kona ya Musa itabaki yake, naye atafanya kazi humo, wala haitakabidhiwa mtu mwingine bila ridhaa yake.

Koridoo Mwanafatuma alisema, "Sharti gani?"

"Nimekubali kumwoa," ilisema sauti ya Farhan, "kwa mahari yaliyotajwa, na kwa sharti lililotajwa."

Nadhira aliondoa sikio kwenye shimo. Upande mmoja wa uso wake ulikuwa na vumbi la bodi. Aligonga mlango kwa kifundo cha kidole, mara mbili, na Kitsao akarudisha msumeno kwenye mkato wake.